Ndama wa Gaju

Azarias Ngoga ni mrefu kiasi kwamba mlango wa chumba cha seva umemgonga paji la uso mara nyingi kuliko anavyokumbuka, na kila mara ni yeye anayeuomba mlango msamaha. Nimefanya naye kazi miaka sita katika maktaba ya chuo cha wauguzi hapa Uvira, mimi nikiwa sekretari na yeye akiwa mtu wa mashine. Hakuna mtu anayenikasirisha kama yeye. Tena, ukiwatoa wanangu na baba yao, hakuna ninayempenda kama yeye, na nalisema hili wazi kwa sababu mji mzima unajua kwamba mdomo wangu hauna kifuniko.

Jina langu ni Noella, lakini naitwa Mama Chérie, kwa jina la kifungua mimba wangu. Yeye tunamwita Papa Uwacu, kwa jina la binti yake. Alizaliwa juu, kwenye nyanda zile za baridi zilizo nyuma ya mji wetu, kwa watu wa ng'ombe na nyimbo za kanisa. Ameishi huku chini, kwenye joto na vumbi la pikipiki, zaidi ya nusu ya umri wake, lakini ng'ombe hawajamtoka kichwani. Akiona mtoto amenenepa, anamsifu kama ndama. Mvua ikichelewa, anazisikitikia nyasi kabla ya watu. Na mashine kubwa ya maktaba, ile inayotunza kazi za mwisho za wanafunzi wetu wote na kuwagawia wasomaji vitabu kwenye kompyuta za ukumbini, aliipa jina la Bihogo. Bihogo alikuwa ng'ombe mwekundu wa baba yake, yule wa kutangulia mbele ya kundi. Mwanzoni nilicheka mpaka machozi. Mwaka haukuisha nikajikuta mimi mwenyewe naingia asubuhi na kuuliza, "Bihogo ameamkaje?"

Bihogo hana uzuri wowote. Ni sanduku jeusi la chuma, na mfumo wake ni wa ukoo wa Unix, wa herufi nyeupe kwenye kioo cheusi. Azarias anaupenda kwa sababu hauna mapambo. Unaandika amri, inatendeka. Ukikosea, unaambiwa umekosea wapi. Mashine isiyojua uongo, huisifu hivyo. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, kwa ajili ya mashine hiyo isiyojua uongo, alitudanganya miaka minne mfululizo.

Ugonjwa wa Bihogo ulikuwa huu. Nyuma yake kuna kadi ya mtandao, kibao kidogo kama kiganja cha mkono, ambamo waya wa mtandao huingia. Kila kitu kinachotoka kwa Bihogo kwenda kwa wasomaji hupita hapo. Kuna taa ya kijani pembeni. Wasomaji wakiwa wachache, taa inawaka vizuri. Wakijaa, kila mmoja akivuta faili lake, taa inacheza mara mbili tatu, kisha inazima, na ukumbi mzima unapiga kelele, "Réseau!", yaani mtandao umekatika. Hapo Azarias anainuka bila haraka, anagonga kichwa mlangoni, anaomba msamaha, anaandika amri mbili, moja ya kuilaza kadi na nyingine ya kuiamsha. Taa inarudi. Anarudi kwenye kiti chake. Kabla ya chai ya saa nne nimewahi kuhesabu safari saba za namna hiyo.

Baadaye aliandika programu ndogo ya kumpumzisha miguu. Kila dakika ilikuwa inauliza mtandao, upo? Usipojibu, programu inailaza kadi na kuiamsha yenyewe, na kuandika kwenye daftari la mashine saa ambayo jambo hilo limetokea. Aliiita Mchungaji. Alijivunia Mchungaji wake mpaka ikawa aibu. Lakini dakika moja ya kukatika inatosha kuharibu kazi ya mtu, na Mchungaji hakuwa daktari.

Msidhani Azarias alikaa bure. Alibadilisha waya mara tatu. Alibadilisha swichi, lile sanduku linalounganisha nyaya za ukumbi wote. Alihamisha sanduku la Bihogo kutoka dirishani, akisema vumbi. Akalirudisha dirishani, akisema joto. Alipunguza mwendo wa mtandao, akaupandisha tena. Alitafuta dereva mpya, yaani ile programu ambayo mfumo huitumia kuzungumza na kadi, akakesha akiisoma. Kila kitu alikigusa. Kitu kimoja tu hakukigusa, na mimi, ambaye sikusomea mashine, nilikuwa nakiona kila siku kikizima taa yake.

Mambo yaliiva mwezi wa saba, wakati wanafunzi wanatuma kazi zao za mwisho. Msichana mmoja wa Nyakabere, Niyigena, alituma kurasa zake sitini siku ya mwisho kabisa. Bihogo alipokea kumi na moja. Msichana alilia ofisini kwangu mpaka nikafunga mlango. Asubuhi yake mkuu wa chuo, Mama Pélagie, akaja maktabani, jambo asilolifanya, na akasema maneno machache. Angerudi Ijumaa. Réseau ikikatika mbele yake hata mara moja, Bihogo anaingia stoo na kazi za wanafunzi zinapelekwa kwenye mashine za kampuni ya mbali. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne nilimfuata Azarias chumbani kwa Bihogo, nikasimama mlangoni ili asipate njia, nikamuuliza juu ya ile kadi.

"Papa Uwacu, câble umebadirisha mara tatu. Swichi umebadirisha. Ile carte, ju ya nini hauigusi?"

"Carte haina mambo."

"Haina mambo, na kila siku njo inazimika? Minye siko mutoto."

Aliinama, akafuta vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mgonjwa wa nyumbani kwake: "Mama Chérie, ile si carte. Ile ni ndama."

Akanieleza, na kwa mara ya kwanza sikumkatiza.

Alipokuwa na miaka kumi na sita alishuka kutoka milimani kuja kusoma Sange, kule kwenye tambarare ya Ruzizi. Mwalimu wa umeme wa shule ile, Mathieu, alimpa godoro nyumbani kwake. Mathieu ni Mufuliiru kama mimi, mtu wa tambarare. Ilifika miaka, na kila mtu wa pande zetu anaijua, ambayo watu wa tambarare na watu wa milimani walipishana barabarani bila salamu. Katika miaka hiyo Mwalimu Mathieu alikuwa anatoa viti viwili nje kila jioni, mbele ya nyumba, upande wa barabara, anamketisha Azarias kando yake na kumfundisha umeme mahali ambapo kila mpita njia angewaona. Hakuwahi kulisemea jambo hilo. Viti viwili tu.

Azarias alipopata kazi ya kudumu alishuka na mtamba kutoka zizi la baba yake, jike mchanga wa rangi ya asali aitwaye Gaju, akampa Mathieu. Huko kwao mtu akikupa ng'ombe amekupa undugu. Na ndama jike wa kwanza humrudia aliyetoa. Si malipo, ni namna ya kusema kwamba undugu umezaa. Lakini kila Azarias alipokwenda Sange aliambiwa Gaju amezaa dume, na dume limeshauzwa sokoni. Mwaka wa tano Mathieu akachoka kungoja. Alikuja Uvira mwenyewe, maktaba ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa mtandao wake, akiwa na kitu kimefungwa kitambaa. Alikuwa amevuka mpaka hadi Bujumbura kukitafuta.

"Akaniambia hivi: Ngoga, Gaju anazala bilume tu. Hii njo ndama wako wa kwanza," Azarias akasema. "Sasa weye unataka niende nimwambie nini? Ndama wenye ulinipatia ni mugonjwa?"

Kwao hutaji ubaya wa ng'ombe uliyepewa. Na akifa, au ukiamua kumtoa zizini, aliyekupa lazima alisikie kinywani mwako kabla ya kulisikia kwingine. Azarias aliogopa safari hiyo kuliko alivyomwogopa mkuu wa chuo. Aliogopa kwamba akimwambia Mathieu, kati yao kitaingia kitu kidogo cha aibu, na wazee wawili walioshinda miaka ile mibaya watashindwa na kibao cha kiganja. Nilimwelewa. Nilimwelewa kabisa, na bado nilitaka kumpiga na rula.

Alhamisi asubuhi alikwenda kanisani kwenye ndoa ya mpwa wake. Mimi nilibaki na Bihogo, na Niyigena anakuja kutuma kazi yake upya saa tisa.

Juu ya sanduku kuna daftari la Azarias, la jalada la bluu, ambamo ameandika kila kitu, ili siku akiugua mtu mwingine aweze kumhudumia Bihogo. Nililifungua kutafuta amri za kuilaza na kuiamsha kadi. Kurasa zote zilikuwa chafu kwa vidole na chai. Ukurasa mmoja tu ulikuwa mweupe kama umeandikwa jana, na juu yake, kwa mwandiko wake ulionyooka: Kubadilisha kadi ya mtandao. Hatua kwa hatua. Zima hivi. Gusa chuma kwanza ili umeme wa mwili usiue kadi. Skrubu ni hii. Kadi mpya itakuwa na jina jingine. Fungua faili hili, futa jina la zamani, andika jina jipya. Na tarehe pembeni. Ilikuwa ya miaka minne iliyopita, mwezi mmoja baada ya kadi kufika.

Kumbe alijua tangu mwanzo. Alikuwa ameandika dawa, akaifunga, akaikalia.

Nilipandwa na hasira, na mimi hasira yangu haitulii kwenye kiti. Stoo kulikuwa na kompyuta ya zamani ya Mama Pélagie, nzima ila kioo. Nilitoa kadi yake kwa bisibisi ya cherehani yangu. Nilimzima Bihogo, nikagusa chuma, nikafungua skrubu, nikatoa ndama wa watu na kumweka kwenye droo yangu pamoja na pini za karatasi. Nikaingiza ile ya stoo, nikamwasha Bihogo, nikaandika jina jipya. Nilikosea herufi moja, mashine ikaniambia nimekosea wapi, nikasahihisha. Nikaiamsha kadi. Taa ya kijani ikawaka.

Nikatoka ukumbini na kuwaambia wasomaji wote ishirini na watatu wavute kitabu kikubwa cha mifupa, wote kwa pamoja. Walidhani nimerukwa na akili. Nikarudi na kuitazama taa mpaka macho yakauma. Ilicheza, ikacheza, haikuzima. Saa tisa Niyigena akatuma kurasa sitini, na zikafika sitini. Tulikumbatiana yeye na mimi kama watu waliookoka mtoni.

Azarias alirudi saa kumi, na suti ya ndoa bado mwilini. Akafungua daftari la mashine kama kawaida yake, aone Mchungaji ameandika nini. Mchungaji hakuwa ameandika kitu tangu asubuhi. Uso wake ukafunguka. Nimeona uso ule ukicheka mara nyingi, lakini furaha ile ya dakika moja sijaiona tena. Kisha akapeleka mkono nyuma ya Bihogo, akapapasa, na mkono ukasimama.

"Iko wapi?"

Nikafungua droo. Aliichukua kadi, akaondoa pini iliyoning'inia, akaipuliza, akaifunga kwenye leso yake nyeupe ya ndoa.

"Mama Chérie," akasema, "umetoa ndama wa muntu mu zizi, na mwenyewe hajajua."

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningejibu, maana majibu nilikuwa nayo mengi, ya Niyigena na ya Bihogo na ya Ijumaa. Badala yake akagonga kichwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuuomba mlango msamaha. Nilikaa pale nikaona aibu, na mimi si mtu wa kuona aibu kwa urahisi.

Ijumaa Mama Pélagie alikuja, akasimama saa nzima na mikono kifuani, ukumbi ukiwa umejaa. Hakuna kilichokatika. Alimsifu Azarias mbele ya watu wote, naye akazipokea sifa kama mtu anayepokea rambirambi. Bihogo alikuwa amepona. Jioni Azarias akaja mezani kwangu na kuniambia kwamba kesho tunakwenda Sange, yeye na mimi. Nikauliza kwa nini mimi.

"Ju mukono ulikuwa wako," akasema. "Zizi ni yangu, minye njo nitasema. Lakini lazima ukuwe pale."

Jumamosi asubuhi tukapanda gari. Leso alikuwa ameiweka mfuko wa ndani wa koti, na kila gari liliporuka shimo alikuwa anaigusa. Nilitamani kumtania, nikashindwa. Nilikuwa nafikiri, kama mzee huyu atavunjika moyo leo, mkono ulikuwa wangu kweli.

Nyumba ya Mwalimu Mathieu iko kando ya barabara kuu, na muhogo umeizunguka nyuma. Ni mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya mwekundu wa umeme. Alimpokea Azarias kwa mikono miwili, akaning'ang'ania na mimi kama ndugu aliyepotea. Viti vilikuwa nje tayari. Mke wake, Louise, alitusalimia, akauliza habari za watoto, akasema anatuletea maziwa ya Gaju, akaingia ndani. Gaju mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye kivuli upande wa kulia, mnene, anang'aa, anacheua bila shida yoyote duniani.

Azarias alikigeuza kiti chake kabla ya kukaa, akaipa nyumba mgongo na kuitazama barabara. Nilidhani anatafuta upepo.

Louise akaleta maziwa katika vikombe vikubwa vya bati. Mimi nilikunywa; nilikuwa na kiu na wasiwasi. Azarias alikishika chake bila kukinywa, kisha akakiweka chini. Akatoa leso, akaifungua juu ya magoti, kadi ikakaa pale juani.

"Mwalimu," akasema. "Mwalimu, ndama amekufa. Nimekuja nikuambie minye mwenyewe."

Mathieu aliichukua kadi, akaigeuza, akaisogeza karibu na miwani. Barabarani lilipita lori la mchele, tukangoja vumbi litulie.

"Alianza kugonjwa lini?"

"Juzi tu, Mwalimu. Juzi tu."

Naapa nilikuwa nimejipa ahadi ya kunyamaza. Lakini nilimwona mtu mzima, mwenye mvi, Mkristo wa kweli, anadanganya tena na macho yake chini, na mdomo ukanitangulia.

"Juzi ya wapi? Miaka mine! Alianza kugonjwa mwezi wa kwanza!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakusema kitu juu ya jirani mwenye mdomo kama wangu. Azarias alifumba macho. Louise alisimama mlangoni na sinia.

"Najua," Mathieu akasema.

Azarias akafumbua macho.

"Batoto ba Sange benye banasoma kwenu balikuwa bananiambia. Mwalimu, kule réseau inakatika kila saa. Minye ni mwalimu wa électricité, Ngoga. Ilikuwa carte, nilijua. Kila nikikupigia simu nauliza, ndama anakula? Unajibu, anakula muzuri. Nikasema, basi, kama anakula, anakula."

"Na haukusema?"

"Ningesema nini? Nilikupatia kitu kibaya?" Mathieu alivua miwani, akaifuta kwa shati ingawa haikuwa chafu. Nikamkumbuka Azarias na vumbi lake lisilokuwepo. "Nilikuwa na haya. Sasa na weye uniambie, ju leo ni siku ya kusema. Ile maziwa yenye unakunywaka hapa miaka yote, ni ya nani?"

Azarias alikitazama kikombe chake.

"Ni ya kwa Damien," akasema. "Jirani yako."

Sinia ikalia kwenye mikono ya Louise.

"Gaju ni tasa, Mwalimu. Hajazalaka hata dume moya. Kiwele yake haijashuka hata siku moya. Minye nimezaliwa mu ng'ombe. Nilijua mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza!" Louise akasema. Aliweka sinia chini, kwa sababu alihitaji mikono. "Miaka kenda! Kila ukikuja napita nyuma ya muhogo, ndoo nimeifunika na kitenge, nainama kama mwizi. Mbwa wa Damien ameniuma mara mbili! Mara mbili, Ngoga! Na weye ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakusikia, Mama," Azarias akasema kwa upole. "Njo maana nageuzaka kiti. Naangalia barabara, ili upite."

Sikuweza kumtazama mtu yeyote. Nilikitazama kiti kile, kilivyoipa nyumba mgongo, na nikafikiri juu ya miaka tisa ya kukigeuza. Mimi niliyejiona nina macho, niliyedhani anatafuta upepo.

"Ju ya nini haukusema?" Mathieu akauliza.

"Ningesema ungeona haya. Ungemuuza Gaju. Na Gaju akitoka hapa, minye nitakuwa nakuja kuangalia nini?"

"Ungekuja kuniangalia minye!" Mathieu akafoka. "Mupumbafu weye. Minye!"

Na mzee yule akaanza kulia, au kucheka, nilishindwa kujua, maana Azarias naye alikuwa anafanya hivyo hivyo, mabega yake marefu yakitikisika, leso ya ndoa usoni. Louise alinitazama, mimi nikamtazama. Kisha sisi pia tukashindwa kujizuia. Mtu mmoja wa pikipiki alipunguza mwendo ili atuangalie vizuri, wazee wanne wanapangusa macho mbele ya nyumba mchana kweupe.

Mathieu ndiye aliyetulia kwanza. Aliifunga kadi kwenye leso na kuitia mfukoni mwa shati lake, akasema ndama amerudi kwao, na hakuna wa kumwondoa tena hapo. Akaniuliza mimi ndiye niliyemtoa zizini? Nikakubali. Akauliza niligusa chuma kwanza? Nikasema niligusa. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayeridhika na jibu, na moyo wangu ukakaa mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Azarias akachukua kikombe chake kutoka chini. Maziwa yalikuwa yamepoa na kuingiwa na vumbi kidogo la lori. Aliyanywa yote, akafuta midomo, akamtolea Louise kikombe kitupu.

"Mama, iko ingine?"

"Hapa haiko," Louise akasema. "Iko kwa Damien."

Akaingia ndani, akatoka na ndoo. Haikuwa na kitenge juu yake. Akapita mlango wa mbele, katikati yetu, na kushika njia ya kwa Damien mchana kweupe. Azarias akainuka, akakigeuza kiti chake, na kumtazama mpaka aliporudi.